Mwalimu mpya huchujwa na nani, na hulelewa na nani?

Mwaka 1998 nilipangiwa darasa la pili katika shule moja ya serikali, nje kidogo ya mji wa Tororo. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imetimiza mwaka mmoja, na kaulimbiu ya "Bonna Basome", wote wasome, ilikuwa bado mdomoni mwa kila mtu. Siku ya kwanza nilihesabu watoto 118, kisha nikaacha kuhesabu. Nilikuwa na umri wa miaka 21, cheti cha ualimu wa shule ya msingi cha Daraja la Tatu, boksi moja la chaki, na azimio la kazi nililolinakili kutoka kwa mwalimu aliyenitangulia.

Wiki ya tatu niliwapa hesabu ya kutoa: 52 toa 27. Karibu nusu ya darasa waliniletea 35. Nikaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, daftari moja baada ya jingine, halafu nikaeleza upya vilevile, ila kwa sauti kubwa zaidi. Kesho yake wakaniletea 35 tena. Jioni nilimwambia mwalimu mwenzangu kwamba watoto wa darasa lile ni wazito.

Katikati ya muhula mkufunzi wa kituo, mtu wa kuzungukia shule na kuwasaidia walimu, akafika na pikipiki yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakwenda ofisini kwanza. Alikaa chini, nyuma ya darasa, pamoja na watoto, akasikiliza kipindi chote. Nilipomaliza aliomba daftari la msichana mmoja, akaweka kidole kwenye ile 35, akamwuliza, "Hii umeipataje, mama?" Mtoto akaeleza bila wasiwasi: saba toa mbili ni tano, tano toa mbili ni tatu. Alikuwa anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, ikae juu au ikae chini, haijalishi. Na alikuwa na sababu. Wiki ya kwanza mimi mwenyewe niliwaimbisha: "Ndogo hutoka kwenye kubwa." Msichana yule alikuwa amenitii.

Mkufunzi akatuma watoto wakaokote vijiti. Akavifunga kumi kumi kwa nyuzi za migomba, mafungu matano na vijiti viwili pembeni, akamwambia yule msichana, "Nipe saba." Mtoto akaangalia vile viwili, akaangalia mafungu, akanyamaza. Darasa zima likanyamaza. Halafu akachukua fungu moja, akalifungua.

Nina miaka mingi sasa tangu nitoke darasani, lakini vijiti vile navikumbuka kila ninaposikia mjadala wetu wa Uganda kuhusu ubora wa walimu. Mjadala huo umekuwa wa vyeti. Mwaka 2019 serikali ilipitisha Sera ya Taifa ya Walimu, na tangu hapo jambo lililoshika masikio ya watu ni moja: kila mwalimu, kuanzia wa chekechea, awe na shahada. Taasisi mpya ya kitaifa ya mafunzo ya ualimu, UNITE, imeanzishwa ili kulisimamia hilo. Cheti cha Daraja la Tatu, kile nilichokuwa nacho mimi, kinaagwa.

Sina ugomvi na shahada. Mtoto wa shule ya msingi anastahili mwalimu aliyesoma sana, na mwalimu anastahili heshima inayokwenda na elimu hiyo. Ila nimesoma kwa muda mrefu habari za nchi ambazo shule zake zinasifiwa, na naona tumechukua sehemu moja tu ya waliyoyafanya, ile inayoonekana kwenye karatasi. Ukiziangalia kwa makini utakuta maswali mawili waliyoyajibu kabla ya kufikiria karatasi: nani aruhusiwe kuingia ualimu, na akishaingia, nani atakaa naye mpaka aive. Sisi leo hatuna jibu la hata moja kati ya hayo mawili.

Tuanze na Ufini, maana ndiyo inayotajwa kila mahali. Mwaka 2001 yalipotoka matokeo ya kwanza ya PISA, mtihani wa kimataifa unaopima vijana wa miaka 15, Ufini ilikuwa ya kwanza katika kusoma, na dunia ikaanza kufunga safari kwenda kuangalia. Hadi miaka ya 1960 walimu wao wa shule za msingi walikuwa wakisomea katika seminari, vyuo vidogo ambavyo mtu wa Uganda angevitambua mara moja. Miaka ya 1970 mafunzo hayo yakahamishiwa vyuo vikuu, na kuanzia mwaka 1979 mwalimu wa shule ya msingi akatakiwa kuwa na shahada ya uzamili.

Wengi wetu tukifika kwenye neno hilo, uzamili, tunaona tumeshaijua siri. Lakini rudi nyuma kidogo, usimame mlangoni. Anayeomba kusomea ualimu wa shule ya msingi kule hufanya kwanza mtihani wa maandishi. Wanaovuka huitwa uso kwa uso: wanahojiwa, na mara nyingi wanapewa jambo la kujadili kwa pamoja huku wakufunzi wakiwatazama, nani anasikiliza, nani anaeleza mpaka mwenzake aelewe, nani anakasirika akipingwa. Kwa miaka mingi aliyepokelewa alikuwa mmoja tu katika kumi walioomba.

Na wanaopita si lazima wawe vinara wa mitihani. Pasi Sahlberg, mtaalamu wa elimu wa huko, aliwahi kueleza habari za wanafunzi wa ualimu waliopokelewa na Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 2014: robo yao walitoka katika asilimia 20 ya juu kwa alama, na robo nyingine walitoka katika nusu ya chini. Jambo hili lilinishangaza nilipolisoma, kwa sababu hapa kwetu tukisema "tuchague walimu bora" tunamaanisha tupandishe alama za kuingilia, basi. Wao wanapima mtu. Alama zinahesabiwa, lakini kijana mwenye alama za wastani anayejua kukaa na mtoto na kumwelekeza anaweza kumpita mwenye alama za juu asiyejua.

Akishaingia, haachwi asome nadharia miaka mitano kisha atupwe darasani. Vyuo vikuu hivyo vina shule zao za mazoezi, zenye watoto halisi na walimu wenye kazi mbili: kufundisha watoto, na kuwalea walimu wanafunzi. Mwanafunzi anafundisha kipindi huku mwenyeji wake akiwa pale pale, wanakaa baadaye kukizungumzia, na anakifundisha tena.

Lazima pia niseme ambalo wasifiaji wa Ufini hawalisemi. Katika hisabati, nchi hiyo ilipata wastani wa 548 mwaka 2006, na mwaka 2022 ikapata 484. Walimu wanaendelea kuwa na uzamili. Kwa hiyo shahada haizuii shule kuteremka, na anayetuahidi kwamba tukishawapa walimu wote shahada watoto watasoma, anaahidi jambo ambalo hata wenye nayo hawalipati.

Singapore inanivutia zaidi kwa sababu ilianza ikiwa na haraka kama yetu. Miaka ya 1960 ilikuwa nchi changa, shule zinaota kama uyoga, walimu hawatoshi. Haikusubiri, lakini haikuwaachia vijana madarasa wakajitegemee: wengi walifundisha nusu siku, na nusu ya pili walikuwa chuoni. Kosa la asubuhi lilifika chuoni likiwa bado la moto. Leo mafunzo yote ya walimu yako chini ya taasisi moja, ndani ya Chuo Kikuu cha Nanyang. Wizara yenyewe ndiyo inayowachuja waombaji. Aliyekubaliwa anaanza kulipwa akiwa mwanafunzi, na naye anabanwa na mkataba wa kufundisha kwa miaka kadhaa. Akiwa kazini ana haki ya saa 100 za mafunzo kila mwaka, na akiwa mwalimu hodari anaweza kupanda cheo na mshahara bila kuiacha chaki. Hili la mwisho nalipenda mno. Kwetu mwalimu hodari hupandishwa mpaka anaacha kufundisha, au huchukuliwa na shirika lisilo la kiserikali, na watoto wanampoteza.

Japani nitaigusa kwa jambo moja tu. Tangu mwaka 1989 mwalimu mpya wa shule ya msingi ya serikali hupewa mwaka mzima wa uangalizi, akiwa na mwalimu mzoefu wa kumwongoza. Ni utaratibu wa kisheria, hautegemei kama mwalimu mkuu ana moyo mzuri.

Sasa turudi mlangoni kwetu.

Kwa miaka mingi, kijana wa Uganda aliyefaulu vizuri kidato cha nne alikwenda kidato cha tano. Aliyekosa alama, au aliyekosa karo, ndiye aliyeambiwa nyumbani, "Basi nenda ualimu, miaka miwili tu." Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo, kwa mapenzi, na baba aliyekuwa ameuza ng'ombe wake wa mwisho. Sikuulizwa kama napenda watoto. Chuo nilichosomea hakikuniuliza pia. Kilitazama karatasi ya matokeo na risiti ya benki. Tulikuwamo vijana wenye kipaji cha kufundisha na wengine ambao hata wao walijua hawakitaki. Tulipata cheti kilekile.

Mazoezi ya kufundisha yalikuja mara mbili. Mpimaji alikaa kama dakika kumi na tano mwishoni mwa darasa, akakagua andalio la somo kama lina malengo, kama tarehe ipo, kama zana zimeorodheshwa, akaandika alama, akaondoka kwenda shule nyingine kabla mvua haijanyesha. Simlaumu, alikuwa na wanafunzi wengi kuliko siku. Lakini katika miaka miwili ile hakuna aliyewahi kunionyesha kosa la mtoto na kuniuliza limetoka wapi. Nilimaliza chuo nikijua sehemu zote za andalio la somo, bila kujua kwamba kuna sababu nyuma ya 35.

Kuna watu watasema Uganda haiwezi kuchagua mmoja katika kumi kwa sababu inahitaji walimu wengi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tungekuwa tunawaajiri wote tunaowafunza. Hatuwaajiri. Kila mtaa una mtu mwenye cheti cha ualimu anayeendesha bodaboda au kuuza muda wa maongezi. Maana yake mchujo upo, ila tumeuweka mwisho wa njia, baada ya mzazi kulipa ada na kijana kutoa miaka yake. Waliofanikiwa wanauweka mwanzoni. Idadi ndogo inaingia, kila mmoja anafunzwa kwa gharama ya kutosha, na anapomaliza kazi inamsubiri. Fedha tunazozitawanya kwa wengi wasioajiriwa ndizo ambazo zingemlipia mwalimu mlezi wa hao wachache.

Halafu kuna mshahara, nao ni mchujo kabla ya michujo yote. Julai 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa sanaa, mwenye shahada ileile, alibaki na milioni moja na kitu. Mwalimu wa shule ya msingi wa Daraja la Tatu alikuwa anapata karibu laki tano. Walimu waligoma mwaka huo, na sikuona ajabu. Kijana mwenye akili anayetaka kufundisha anazisoma namba hizi kabla ya kusoma fomu ya kujiunga. Ukimwambia ualimu wa shule ya msingi ni kazi ya heshima na unamlipa sehemu ndogo ya anacholipwa jirani yake wa sayansi, ameshaelewa heshima yako ni kiasi gani.

Matunda yake tuliyaona zamani. Benki ya Dunia ilifanya uchunguzi katika shule zetu na kutoa ripoti mwaka 2013. Zaidi ya robo ya walimu wa shule za msingi za serikali hawakukutwa shuleni, na ni mmoja tu katika watano aliyeonyesha kuumudu mtaala anaoufundisha. Magazeti yaliandika kwa hasira kuhusu watoro. Mimi lililoniumiza ni lile la pili. Wale wanne katika watano walikuwa wamepita chuoni na kufaulu, wakasajiliwa, wakaingia kwenye orodha ya mishahara. Kila mlango uliopaswa kuwasimamisha ulikuwa wazi. Na wakishakuwa darasani hakuna aliyekaa nyuma na kuwasaidia. Mtu asiyemudu anachofundisha, mbele ya watoto mia moja, kila siku, peke yake, ataanza kutafuta sababu za kutofika. Utoro na kutomudu ni ndugu, nionavyo.

Ajabu ni kwamba Uganda iliwahi kuwa na jibu zuri la swali la pili, la nani akae na mwalimu. Miaka ya 1990, chini ya mpango wa kuendeleza na kusimamia walimu ulioitwa TDMS, baadhi ya vyuo vya ualimu viliteuliwa kuwa vyuo kiini, na kila kimoja kikawa na wakufunzi wanaoishi nje, katika vituo, kila mkufunzi na kundi lake la shule. Yule wa pikipiki na vijiti alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kufika darasani, kusikiliza, na kusaidia. Wageni wengi kutoka nje walikuja kujifunza mpango huo, na sisi tuliokuwa ndani tuliona thamani yake kwa macho. Kisha Elimu ya Msingi kwa Wote ikaja, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka milioni 3 hivi mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka uliofuata. Shule zikaongezeka, walimu wapya wakamiminika, mkufunzi akabaki mmoja. Petroli ikawa shida. Taratibu akageuka mtu wa kukusanya takwimu na kuitisha warsha, na ziara zake darasani zikapungua. Kwetu alifika mara tatu mwaka wa kwanza. Mwaka wa nne nilimwona mara moja, ana fomu mkononi, hakuingia darasani.

Kwamba ziara hizo ndizo zenye nguvu, tunao ushahidi wa hapahapa. Katika eneo la Lango, shirika la Mango Tree liliendesha mpango wa kufundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa lugha yao, Leblango, na watafiti wakaulinganisha kwa uangalifu na shule ambazo hazikuwa nao. Palikuwa na namna mbili za mpango huo. Ya kwanza ilikuwa kamili: walimu walifunzwa na wataalamu wa shirika lenyewe, wakatembelewa mara nyingi madarasani, watoto wakapewa vibao vya kuandikia, na darasa likapewa saa ya ukutani. Ya pili ilipunguzwa gharama: mafunzo yalipitia wakufunzi wa vituo, ziara zikawa chache, vibao na saa zikaondolewa. Kwenye shule za namna kamili watoto walipiga hatua kubwa sana katika kusoma. Kwenye namna ya bei nafuu walipiga hatua pia, ila ndogo zaidi, na katika kuandika baadhi ya mambo yalikwenda vibaya kuliko pale ambapo mpango haukufika kabisa. Nimewahi kuwasimulia habari hii walimu wakuu watatu, na wote waliuliza kuhusu vibao. Hakuna aliyeuliza kuhusu ziara.

Hata jirani zetu wa Kenya, walipoanza mpango wa Tusome kitaifa mwaka 2015, waliweka watu wa kuzunguka madarasani, wakaketi, wakasikiliza watoto wakisoma, wakazungumza na mwalimu. Vitabu vilikuwa sehemu ya kazi, na ziara zilikuwa sehemu nyingine ambayo hawakuiacha kwa bahati.

Nayaandika haya sasa kwa sababu ya Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sisi tuliokua tukikizungumza sokoni Malaba na Busia tulifurahi, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga simu usiku kupongezana. Ila nchi hii ina historia ya kutangaza Kiswahili bila kuwatayarisha wa kukifundisha. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na amri hiyo haikujaza darasa hata moja mwalimu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na shule nyingi zikaendelea kama zamani. Sasa tunahitaji maelfu ya walimu wa somo ambalo wengi wa walimu walioko kazini hawalijui. Jaribu litakuwa lilelile la mwaka 1997: kuchukua yeyote, kumpa wiki mbili za warsha, na kumwita mwalimu wa Kiswahili. Tanzania walijua jaribu hilo kabla yetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto asome shule ya msingi, walihitaji walimu kwa haraka, wakawachukua vijana wengi wa darasa la saba, na watu wakaanza kusema UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, ni "Ualimu Pasipo Elimu". Vijana wale walijitolea mno, na baadhi yao wakawa walimu wazuri. Jina lile halikuwastahili. Lakini liliwafuata.

Tena kufundisha Kiswahili Uganda ni kazi ya pekee, haifanani na kukifundisha Dodoma. Chukua ngeli. Mtoto wa Kiganda tayari anasema omuti omunene, emiti eminene. Ukimwambia mti mnene, miti minene, unampa kitu alichozaliwa nacho, amebadilishiwa nguo tu. Mwalimu anayelijua hilo hufundisha ngeli ile kwa kipindi kimoja, na watoto wanacheka kwa furaha kwamba kumbe wanajua. Mtoto wa Kidhopadhola aliyekaa dawati la nyuma lugha yake haina mpangilio huo kabisa. Kwake kila upatanisho ni mgeni, na atasema "miti mnene" mwaka mzima bila kuona kosa liko wapi, kama watoto wangu walivyoandika 35. Mwalimu mmoja, darasa moja, somo moja, na inabidi afundishe vitu viwili. Hakuna chuo cha Mombasa au Dar es Salaam kitakachomfundisha hilo kwa niaba yetu. Atajifunza kwa mtu aliyekwishasimama mbele ya darasa la namna hiyo hapa, akakosea, akapata njia.

Kwa hiyo ningeanza na wachache. Vijana wenye Kiswahili kinachotoka kinywani bila kukitafuta wapo Arua, Bombo, Tororo, Busia, Malaba, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwafikiria kuwa walimu. Waitwe, wasailiwe, wapewe watoto kumi na dakika kumi wafundishe kitu chochote, hata kufunga kamba, na wateuzi watazame nani anageuka kumwangalia mtoto aliyepotea njia. Wakishachaguliwa, walipwe posho tangu siku ya kwanza, wasome nusu siku na kufundisha nusu siku kama wale wa Singapore, ndani ya shule chache zenye mwalimu mzoefu wa Kiswahili. Walimu hao wazoefu ni haba, ninajua. Wapo waliostaafu wanaolima mihogo na wangekuja kwa furaha wakilipwa nauli na kuheshimiwa. Mwaka wa kwanza wa ajira, kijana apewe vipindi pungufu na mlezi ambaye kazi hiyo imeandikwa kwenye barua yake na kuonekana kwenye mshahara wake. Kundi la kwanza likiiva, ndilo litakalolea la pili. Itachukua miaka zaidi ya waliyotarajia wanasiasa. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 tuliuingiza kwa mafunzo ya siku chache, na walimu wengi waliubeba bila kuuelewa. Waliolipa ni wanafunzi.

Na mshahara wa mwalimu wa Kiswahili usiachwe kwenye fungu la sanaa kana kwamba lugha ya Afrika Mashariki ni starehe. Kama Baraza la Mawaziri linalitaka somo hili kwa lazima, basi anayelifundisha alipwe kama mtu anayefanya jambo la lazima.

Binti wa dada yangu alimaliza chuo mwaka jana, na muhula huu amepata kazi ya kufundisha Kiswahili kidato cha kwanza katika shule moja upande wa Busia. Ni msichana mpole, anapenda watoto tangu akiwa mdogo mwenyewe. Yeye peke yake ndiye mwalimu wa somo hilo shuleni pale. Mwalimu mkuu hakijui Kiswahili, na mkuu wa idara yake ni mwalimu wa Kiingereza. Jumapili usiku alinipigia. "Mjomba," akasema, "nimewafundisha ngeli ya M-MI wiki mbili. Nusu ya darasa wamepata zote. Nusu nyingine hawapati hata moja, na nimeshawachapia kazi mara tatu. Nadhani ni wazito."

Nilimwuliza wale wasiopata wanazungumza lugha gani nyumbani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hakuwahi kuwauliza. Nimemwambia aniombee ruhusa kwa mwalimu mkuu. Jumatatu nitapanda taksi ya alfajiri, nikae nyuma ya darasa lake.